Nazima seva usiku, bili haishuki. Nichukue mkataba wa mwaka?

Kijana_wa_Sinza: Wakuu, nina programu ya stoo, wateja wangu ni maduka ya dawa ya Kariakoo na Mbagala. Seva nimekodi nje, nalipa kwa dola. Maduka yakifunga saa tatu usiku nazima, nawasha saa moja asubuhi. Nilitegemea bili ikatike karibu nusu, imepungua kiduchu. Sasa jamaa wanaonikodisha wananishawishi nijifunge mwaka mzima nipate punguzo. Nijifunge?

Mzee_Seva: Hamia kwa watu wa hapa hapa, ulipe shilingi. Dola ikipanda utakuja kulia.

DadaTabata: Kwanza fungua bili usome mstari kwa mstari, achana na jumla ya chini. Mimi niko AWS, kampuni ya Amazon ya kukodisha seva, nitatumia bei zao.

Ukizima mashine, unaacha kulipia prosesa na memori tu. Diski inahesabiwa usiku kucha, tena kwa ukubwa ulioomba, hata kama umejaza robo. Nakala za akiba nazo hazilali. Anwani ya IP uliyoishikilia, yaani namba ya seva yako mtandaoni, tangu Februari 2024, ni dola 0.005 kwa saa, mashine iwe hewani au imezimwa. Kwa mwezi inafika kama dola 3.6.

Halafu data. Kuingiza ni bure, kutoa ndiko hela inakoliwa. GB 100 za mwanzo kila mwezi hawachaji. Zikiisha, seva ikiwa Virginia, Marekani, ni senti 9 za dola kwa GB. Cape Town ni jirani zaidi lakini inapita senti 15! Kama programu yako inashusha picha za dawa kila ikifunguliwa, anzia hapo.

Mkataba sasa. Unashusha bei ya mashine, diski na data haugusi. Na saa ulizozima unazilipia vilevile. Wewe unawasha saa 14 kati ya 24, kwa hiyo kwenye mashine tayari unaokoa asilimia 42. Wakikupa punguzo chini ya hapo, utalipa zaidi ya sasa.

Kijana_wa_Sinza: Asante dada. Kuna namna ya kuweka kikomo, kikifika ikate?

DadaTabata: Hii siyo umeme wa LUKU unaolipia kabla, kaka. Ukiweka bajeti, kwa kawaida wanakutumia barua pepe tu, mita inaendelea. Weka tahadhari ikulie ukifika nusu, maana hesabu zao huchelewa masaa kadhaa.