Sonona ipimwe kwa damu?

Binti wa Wete:
Assalaam aleykum. Mpwa wangu anayesomea uuguzi Unguja kaniambia huko nje wanatafuta dalili za sonona ndani ya damu: vipande vya DNA ya mitokondria vinavyoelea, pamoja na mchochota, ule moto mwili unaojiwashia kupigana na maradhi. Mimi nataka kipimo hicho kije hata kesho.

Shangazi yangu miezi minne hachambui karafuu. Pakacha liko mbele yake barazani, mkono umelala juu ya makonyo, basi. Halali, hali. Tukampeleka kupima: malaria hakuna, sukari sawa, presha sawa. "Bibi, huna maradhi." Njiani akaniuliza, "Kumbe mimi mwongo?" Kwetu asiye na karatasi ya maabara ana shetani au ana uvivu. Karatasi ingemsitiri.

Fundi wa Maabara, Chake:
Waaleykum salaam dada, mpe pole shangazi. Lakini kwa hilo siko nawe, nami kazi yangu ni kushika damu za watu kutwa.

Mitokondria ni vinu vya nguvu ndani ya seli. Vina DNA yao wenyewe, jeni 37, tunazorithi kwa mama, na asili yao ni bakteria. Ndiyo maana kipande kikivuja kwenye damu, kinga ya mwili yaweza kukidhania adui ikawasha moto. Nadharia tamu. Taabu iko kwenye majibu: mwaka 2018 utafiti wa San Francisco ulikuta vipande hivyo vimezidi kwa wenye sonona wasiotumia dawa, mwaka huohuo Wajapani wakakuta kwa wagonjwa wao vimepungua. Sasa nikikuandikia "juu" au "chini", utamwambia nini shangazi?

Na mchochota hausemi umetoka wapi. Protini ya CRP, ambayo ndiyo tunayopimia mchochota, hupanda kwa jino bovu, kwa kidonda, hata kwa unene. Wenye sonona ambao CRP yao huvuka miligramu 3 kwa lita ni kama robo tu. Waliobaki watarudi na karatasi safi, waitwe waongo kwa muhuri.

Binti wa Wete:
Umenikata maini kaka. Afanyeje basi?

Fundi wa Maabara, Chake:
Apimwe wingi wa damu na homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana hizo zikipungua mtu huchoka na kunyong'onyea, na hapo damu inajua kusema. Kisha aulizwe yale maswali 9 ya PHQ-9 ya kupimia sonona, yapo kwa Kiswahili: wiki mbili zilizopita umekuwaje, kila jibu alama 0 hadi 3. Sindano haihitajiki.

Mama Mkoani:
Mwanangu, maswali hayo nimeulizwa mimi. La kwanza, kama nimepoteza hamu ya mambo. Nikajibu "hapana, alhamdulillah", kwa kuwa mkwe wangu alikaa ubavuni kwangu na mkoba wangu kaupakata. Nikapata sifuri zangu nikaenda zangu. Damu ingenisema, maana haina haya ya mkwe.

Fundi wa Maabara, Chake:
Hapo umenishika, mama. Siku ya shangazi, dada, wewe na mpwa wako mkae nje.

Binti wa Wete:
Ataniuliza kwa nini namwacha peke yake.