Mteja wa Mwanza anasema laptopu niliyomtumia ni kimeo, anataka hela yote irudi leo leo. Nifanyeje wakuu?

Kijana wa Aggrey

Wakuu habari za muda huu, niende moja kwa moja maana kichwa kinauma. Mimi nauza laptopu used mtandaoni, sina fremu, mzigo nachukua kwa jamaa wa jumla pale Kariakoo mtaa wa Aggrey, napiga picha naposti insta na status za WhatsApp, mteja akilipa nafunga naipeleka kwenye basi. Sasa wiki iliyopita nimemuuzia jamaa wa Mwanza HP EliteBook 840 G5, prosesa i5, RAM GB 8, diski ya SSD GB 256, kwa 680,000 na nauli ya mzigo juu yake. Kabla ya kufunga nikamrekodia vidio inawaka, kioo kizima, kibodi inaandika, akasema poa kaka funga. Mzigo ukafika akaniandikia kabisa nimepokea asante sana.

Kimya. Juzi usiku ananipigia anafoka, eti mashine inazima yenyewe katikati ya kazi, nimemuuzia kimeo, anataka hela yake yote leo hii hii la sivyo ananianika mtandaoni na polisi anaenda.

Hela yenyewe nimeshaizungusha, nimechukulia mzigo mwingine. Na sijui kama kweli ni mbovu au ameiangusha au amenyofoa vitu ndani, Mwanza siyo Mbagala kwamba nitapanda daladala nikaione. Jamaa wa jumla naye ananiambia waranti yake ilikuwa ya kutest tu. Kwenye ukurasa wangu nimeandika wazi MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Je naweza kukomaa hapo au nimrudishie yaishe? Wenye uzoefu naombeni ushauri.

Mla Kongoro

Mbloku, lala usingizi. Alisema nimepokea asante, biashara imeisha.

Mama Vifaa

@Mla Kongoro ushauri huo ndio unafanya watu waogope kununua vitu mtandaoni halafu sisi wengine tunakesha kumhakikishia mteja kwamba siyo matapeli. Mdogo wangu usimbloku. Ukimbloku tu umempa stori nzima, atachukua skrini shoti ya picha yako ya profaili, na muamala wa M-Pesa una jina lako kamili, atabandika kwenye magrupu ya Facebook ya mkoa mzima na hakuna atakayeuliza kama laptopu ilikuwa mbovu kweli, watasoma neno tapeli wanapita. Mimi nauza friji na TV mwaka wa ngapi huu, mteja anayefoka ukimjibu kwa upole anashuka mwenyewe. Mwambie hivi: kaka pole sana, nataka tulimalize hili, naomba unirekodie vidio inavyofanya na unipigie picha ya stika ya chini. Usimuahidi hela, usimkatalie hela. Nunua muda.

Halafu muulize swali moja la msingi ambalo hujatuambia hapa: inazima ikiwa kwenye chaja au ikiwa bila chaja?

Kijana wa Aggrey

Dada asante. Sijamuuliza, tulikuwa tunapigizana kelele tu.

fundi bisibisi

Hapo ndipo penyewe. Mkuu mimi hizi 840 G5 zinapita mezani kwangu kila wiki, nyingi zimetoka maofisini Ulaya na Dubai huko zimekaa kwenye chaja miaka, kioo kizuri, bodi nzuri, betri imechoka hoi. Unaiwasha dukani ikiwa na chaja inafanya kazi kama mpya, mteja anakaa nayo kwenye kochi bila chaja inafika asilimia 40 puu imezima. Siyo kwamba chaji iliisha, ni betri mzee inadanganya asilimia, ukiipa kazi nzito volti zinashuka ghafla mashine inakata.

Mwambie afanye hivi, hahitaji fundi. Afungue CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri kwenye Windows) aandike powercfg /batteryreport apige enta, itamtengenezea faili na kumwonyesha lilipo, alifungue. Juu kabisa kuna DESIGN CAPACITY na chini yake FULL CHARGE CAPACITY. Betri ya hiyo mashine ikiwa mpya ni kama 50,000 mWh (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Ya chini ikisoma 40,000 au zaidi betri haina shida kubwa tafuteni pengine. Ikisoma 20,000 au chini ya hapo umeshapata mchawi.

Ikizima hata ikiwa kwenye chaja hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa joto, feni imejaa vumbi, RAM haijakaa vizuri (basi la Mwanza zaidi ya kilomita 1,000 linatikisa kila kitu), au bodi. Na mwulize anatumia chaja gani! Mashine hii inakubali Type-C, watu wanachomeka chaja ya simu halafu wanashangaa haiingizi chaji.

Mzigo Safarini

Nakazia kwa fundi ila niongeze upande wa janja janja maana wapo. Mimi niliwahi kurudishiwa laptopu iliyoondoka na RAM 16 ikarudi na 8, na mteja anaapa kwa Mungu. Toka siku hiyo kabla sijafunga mzigo napiga picha ya namba ya seriali chini ya mashine NA ile inayotokea ndani kwenye BIOS (menyu ya mashine kabla Windows haijawaka), nafungua programu ya CrystalDiskInfo napiga picha namba ya SSD na masaa iliyotumika, nafungua mfuniko wa chini napiga picha RAM ilivyokaa. Halafu stika ndogo ya karatasi nyepesi yenye sahihi yangu juu ya skrubu moja, ikichanwa najua. Zote namtumia mteja kwenye WhatsApp palepale ili tarehe na saa zibaki, na yeye anajua nimezipiga.

Pia mwambie aandike systeminfo kwenye hiyo hiyo CMD, atafute Original Install Date. Kama uliweka Windows kabla ya kutuma na tarehe inayokuja ni ya juzi, basi huenda kuna mtu ameipiga Windows upya huko, uliza nani na kwa nini, ila apdeti kubwa ya Windows nayo inaweza kubadilisha tarehe hiyo.

Ila usianze kwa kumtuhumu. Mwombe vitu hivyo kama vile ndio utaratibu wako kwa kila mteja.

Wakili wa Mtaa

Ngoja niguse sheria kidogo maana naona watu wanajificha nyuma ya "ikishauzwa hairudishwi" kama hirizi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ndani ya mauzo hata kama hamkuyaandika. Unayeuza kama biashara, kitu ulichokieleza kwa maelezo kinatakiwa kifanane na maelezo na kiwe na ubora unaofaa kuuzwa. Used ni used, hakuna atakayetegemea iwe mpya, bei na maelezo vinaangaliwa, na kasoro uliyomwonyesha mapema akaikubali hawezi kukugeuzia kibao. Ila ukiandika "inakaa na chaji vizuri" halafu haikai, hicho kibandiko hakikuokoi. Mnaweza kukubaliana kwamba hakuna kurudisha, lakini makubaliano ni pande mbili, alijua kabla ya kulipa? Maandishi ya juu kwenye ukurasa ambayo hajawahi kuyafungua yana nguvu ndogo sana. Kuna pia Sheria ya Ushindani ya 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kuhusu polisi punguza presha. Kitu kibovu ulichokiuza kwa nia njema ni madai, siyo jinai, na kwa kiasi kama hicho Mahakama ya Mwanzo inatosha. Jinai inaingia kama ulijua ukadanganya, au ulichukua hela hukutuma kitu. Ndiyo maana mawasiliano yako yote yawe ya maandishi, akikupigia ongea naye vizuri halafu ukikata simu mwandikie "kama tulivyoongea…".

Na wewe usijaribu kumwanika kwanza. Kubandika namba yake na picha yake kujisafisha utajiletea kesi yako mwenyewe, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Swali: kwenye tangazo uliandika nini kuhusu betri?

Kijana wa Aggrey

Mkuu nimerudi kuangalia posti, niliandika "betri masaa 4 hadi 5", ndivyo alivyoniambia jamaa wa jumla.

Wakili wa Mtaa

Basi hayo ni maneno yako sasa, siyo yake. Mteja hamjui jamaa wa jumla.

Mla Kongoro

Duh 😂 nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

Buda wa Luthuli

Salamu kutoka Nairobi, mimi naskuma hizi mashine Luthuli Avenue. Huku wateja wengi mtandaoni wanalipa wakishapokea kwa hivyo hizi shida zinaisha mlangoni, lakini za kutuma Kisumu ama Mombasa ni kama zako tu. Kitu moja sijaona mtu amesema: pesa haitoki mpaka mashine iwe mkononi mwako ama mkononi mwa fundi mliyekubaliana. Sio juu ya kumshuku, ni utaratibu tu. Na ikirudi ifungue hapo hapo ofisi ya basi ukirekodi, boksi likiwa limefungwa, usipeleke nyumbani kwanza. Ukifungulia nyumbani hata kama ni jiwe limewekwa ndani, nani atakuamini?

Pia hiyo ya "leo leo" mkatalie polepole. Mpe tarehe, na uitimize.

binti wa Tanga

Jamani na nauli ya kurudisha nani analipa? Mimi nilinunua simu Dar nikaambiwa rudisha kwa gharama zako, nikaiacha tu nikala hasara.

Mama Vifaa

@binti wa Tanga kwangu mimi kitu kikiwa kibovu toka kwangu nalipa nauli zote mbili, mteja akiwa amebadilisha mawazo tu analipa yeye. Kosa la basi tunadai basi, ndiyo maana kwenye risiti ya mzigo andikeni LAPTOPU na thamani yake, siyo "boksi 1". Watu wanaogopa kutozwa zaidi wanaandika nguo, siku mzigo ukipasuka utalipwa hela ya nguo.

Mzigo Safarini

Ya mwisho kwangu: akilipa kwa kukutumia namba ya kawaida na ukagoma kabisa kuongea naye, wapo wanaopiga huduma kwa wateja na kudai wamekosea namba ili muamala urudishwe. Ukiwa na lipa namba na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye maelezo ya laptopu unasimama vizuri zaidi. Na hela ya mauzo usiizungushe yote mpaka muda wa kutest mliokubaliana upite, hapo ndipo wengi tunakwama siyo kwamba hatutaki kurudisha, hatuna.

Kijana wa Aggrey

Wakuu MREJESHO. Nilimwandikia kama alivyosema dada Mama Vifaa, jamaa akapoa mpaka nikashangaa, akasema alipaniki kwa sababu ana ripoti ya chuo na rafiki yake alimwambia ameshapigwa. Tukafanya vidio koli. Namba ya seriali ni ile ile, SSD ile ile, Windows ni ile niliyoweka mimi. Kwenye chaja imekaa asubuhi mpaka jioni haijazima, bila chaja inakata ikiwa inasoma thelathini na kitu. Ripoti ya betri imetoka 17,800. Fundi bisibisi una mizimu wewe.

Nikapeleka ile ripoti kwa jamaa wa jumla. Kwanza akanuna, siku zimepita siku zimepita, nikamwambia sawa ila mashine sita zilizobaki za kontena lile lile naomba tuzipime hapa hapa mbele ya wateja wako. Akakubali kuchangia nusu ya betri 😅

Mteja nimempa njia mbili: airudishe kwa nauli yangu nikague nimpe hela yake yote Ijumaa, au abaki nayo nimlipie betri mpya na ufundi hukohuko Mwanza. Kachagua betri. Ila sasa anataka na elfu 50 ya usumbufu, eti alikosa kumaliza kazi. Hiyo nayo nitoe?

Wakili wa Mtaa

Hasara halisi anayoweza kuionyesha, mfano bodaboda ya kwenda kwa fundi, ni haki kuongea. Usumbufu wa jumla jumla hulazimiki, mkubaliane tu kama waungwana. Ukitoa chochote mwandikiane kwamba suala limeisha, betri iliyowekwa ni aina gani, na waranti ya betri ni ya nani, wewe au fundi.

fundi bisibisi

Betri yake ni SS03XL, mwambie asikubali ya kubandika bandika, na fundi akishaweka arudie ile ripoti mbele yake kabla hujatuma hela. Kuna mafundi wanaweka used juu ya used. Hela mtumie fundi moja kwa moja siyo mteja.

Mama Vifaa

Mpe begi la laptopu au mausi isiyo na waya badala ya elfu 50. Kwako ni bei ya jumla, kwake ni zawadi, na ataposti.

Kijana wa Aggrey

Mausi imeenda na basi la leo. Na zile sita zilizobaki nimezipima, mbili ziko chini ya 20,000, nimezirudisha kwa jamaa. Nne ni safi, naposti na picha ya ripoti ya betri.

Mla Kongoro

Hizo nne unauza ngapi mkuu? Niko Gongo la Mboto nakuja na chaja yangu.