Blenda inanuka kuungua nikisaga kunde za bajia

Wapendwa, nauza bajia za kunde jioni hapa Tanga. Kunde naloweka usiku kucha, namenya, natia kwenye jagi. Chini zinalainika, juu zimekaa tu kama zinanitazama. Nikiongeza maji zinasagika, ila bajia zinanyonya mafuta na kumeguka. Jana ikanuka kama waya unaoungua, ikazima. Ndiyo nimeua mota?

— Dada, usiitupe. Chomoa, iache ipoe nusu saa. Blenda nyingi zina kinga inayokata umeme mota ikipata moto. Igeuze, nyingine zina kitufe kidogo chini, kibonyeze.

— Unajaza mno, shoga. Mimi natia kikombe kimoja, nabonyeza naachia, nabonyeza naachia, nazima, nakoroga kwa mwiko. Kitunguu natanguliza, kinatoa majimaji yake, maji ya bomba vijiko viwili basi. Na mwiko usiingize inazunguka, wangu hauna ncha tangu Ramadhani.

— Tazama na mpira chini ya visu. Ukilegea, maji yanashukia kwenye mota.

— Kitufe nimekiona, chekundu! Imewaka. Hicho kitunguu nakijaribu leo leo, kunde zishavimba.