Laptopu inapiga kelele tangu BIOS ijiapdeti, naombeni msaada

Kalamu_Mwanza:
Wakuu habari za jioni. Nina laptopu yenye prosesa ya Intel i5-8250U, niliichukua mtumba 2021 na miaka yote hii imekuwa kimya, usiku unasikia saa ya ukutani kuliko yenyewe. Sasa juzi Jumanne Windows ikashusha apdeti zake, ikazima ikawaka, ikaandika inasasisha BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, nisizime, nikaiacha mpaka ikamaliza. Tangu hapo feni haitulii, nikifungua faili la Word tu inaanza vuuuu, inanyamaza nusu dakika, inaanza tena. Mimi nachapa na kusahihisha ripoti za watu usiku, mtoto amelala chumba hichohicho, jana kaamka mara mbili. Nikisevu video ndo usiseme, huwezi kuipakata. Imekufa kitu au ni hiyo apdeti?

fundi_mtaa:
Pole mkuu, hilo vumbi. Ifungue, pitisha brashi kwenye feni na mapezi yake, badilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa, itatulia.

Kalamu_Mwanza:
Nimefungua mkuu, ni safi, na pesti nilibadili mwezi wa 3. Halafu vumbi halijai usiku mmoja, Jumatatu ilikuwa kimya kabisa.

MamaJunia:
Kaka anza na namba. Weka HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la mashine, soma joto ukiwa hujafungua kitu, halafu soma ukiwa unasevu video. Feni haijiamulii, kuna kichipu kwenye mazabodi kinasoma joto na kuipa amri, na programu ya hicho kichipu mara nyingi inakuja humohumo ndani ya apdeti ya BIOS. Wakibadilisha feni ianze mapema kidogo basi mashine ileile yenye joto lilelile inaanza kupiga kelele. Na nikuulize, uliwahi kupunguza volteji ya prosesa?

Kalamu_Mwanza:
Eeh dada, 2022 nilishusha milivolti 80 kwa ThrottleStop, ile programu ya kurekebisha prosesa, nilishasahau kabisa! Namba hizi hapa: bila kazi nyuzi 47 mpaka 49, sawasawa na zamani lakini feni inazunguka. Nikisevu video inafika 96, na zamani ilikuwa 83, niliandika kwenye daftari. ThrottleStop nimeifungua sasa hivi, sehemu ya volteji inaonyesha imefungwa.

MamaJunia:
Basi una mambo mawili tofauti. Kelele ya bila kazi ni ratiba mpya ya feni, joto lako halijapanda. Ile 96 ni volteji, ikiwa juu prosesa inachemka zaidi. Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio la Plundervolt, mtu mwenye ruhusa za juu kwenye mashine anacheza na volteji ya prosesa za Intel mpaka anavuta siri zilizofichwa ndani ya SGX, ile sehemu ya prosesa ya kulindia siri, ndipo zikatoka BIOS zinazofunga kugusa volteji. Ya kwako ilikuwa ya zamani, sasa imefungwa, ile milivolti 80 haifanyi kazi tena.
Fanya hivi: ingia kwenye setingi za umeme za Windows, kiwango cha juu cha prosesa toa 100 weka 99. Hiyo inazima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, haitapanda kwenda 3.4 GHz. Halafu ingia BIOS utafute mpangilio wa feni, apdeti huwa inarudisha setingi za kiwandani.

fundi_mtaa:
Hapo kwenye volteji sikupafikiria, sawa dada. Kwani asirudishe tu BIOS ya zamani?

MamaJunia:
Mashine nyingine zinakataa kurudi nyuma, na ikikubali unafungua tundu lililozibwa. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, mazabodi inaweza kufa hapohapo. Kwa kelele ya feni mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Kalamu_Mwanza:
Nimerudi. BIOS ilikuwa imejirudisha kwenye nguvu kamili, nimeweka mpangilio wa kimya, na kule nimeweka 99. Kusevu video sasa ni 68, inachukua muda mrefu zaidi lakini nasevu mchana. Word feni haiwaki kabisa, nimechapa kurasa 11 na mtoto hajageuka. Dada asante sana, nawe fundi asante.