Niko mazoezini Pate, darasa limeninyamazia. Naomba ushauri

Binti wa Malindi: Asalam aleikum walimu. Nasomea stashahada ya ualimu wa msingi, hii ni wiki yangu ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, hapa kisiwani Pate. Nimepewa Hisabati gredi ya 4. Mwalimu wa darasa ni mtu mwema, ila siku ya kwanza alinikabidhi chaki akaenda zake, na hajawahi kuketi kunitazama. Jana darasa lilininyamazia, na andalio la dakika 35 likaniishia dakika ya 15. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wote wakaitikia ndiyo. Nikaandika 1/3 na 1/4 ubaoni, ipi kubwa? Karibu wote wakasema 1/4, kwa kuwa 4 yaishinda 3. Usiku nililia. Mtathmini wa chuo atakuja siku yoyote. Nifanyeje?

Mwalimu Mokowe: Pole dada. Jibu hilo lisikulize, limekuonyesha wanavyofikiri. "Mmeelewa?" mtoto hujibu ndiyo tu. Kata karatasi za sentimita 24, kila mtoto mbili. Moja waipige mstari kila sentimita 8, nyingine kila 6, wapake rangi kipande kimoja kwa kila karatasi, kisha wazilaze sambamba: kimoja ni 1/3, kingine 1/4. Kabla hawajapaka, waulize kipi kitakuwa kirefu na kwa nini. Dakika 35 hazitakutosha.

Ummi Shela: Ukimya mwingine ni wa lugha. Sera ya Kenya ni kufundisha kwa lugha ya eneo hadi gredi ya 3, kisha gredi ya 4 ghafla ni Kiingereza. Waache wabishane wawili wawili kwa Kipate chao kwanza.

Bahari Kuu: Sisi tuliachwa peke yetu darasani na tukaiva. Vumilia.

Mstaafu: Mliiva, na watoto mliojifunzia je? Mimi nimepokea wanachuo miaka mingi. Mwanangu, wiki ya kwanza ilikuwa yako ya kuketi nyuma na kutazama. Hukuipata, iombe sasa, hata vipindi viwili. Kisha mwombe mwalimu wako, kwa adabu, naye akutazame dakika 10, na umpe jambo moja la kuandika: ni watoto gani hawakufungua kinywa. Ukimwambia "nitazame ninavyofundisha" atakujibu "wafundisha vizuri", na hutakuwa umepata kitu.

Binti wa Malindi: Shukrani sana. Nimemwomba leo wakati wa mapumziko, amekubali, Alhamisi kipindi cha pili. Kumbe hata yeye, mazoezini kwake, hakuna aliyeketi kumtazama. Watoto ni 41, naenda kukata karatasi.