Mhubiri aliyetumwa mbali: simu inatosha, au kanisa liwe na wajibu wa kumrudisha nyumbani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za sa hizi. Naomba tujadili hili bila kutukanana maana najua linagusa imani za watu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikaa kikao cha kupanga mikutano ya injili ya kiangazi. Mhubiri anatakiwa azunguke vituo sita, yani karibu miezi minne yuko nje. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, huyo mtumishi kwake atarudi lini? Akajibiwa "siku hizi kuna simu mama, ataongea nao kila siku", watu wakaitikia amina, kikao kikaendelea na mambo ya jenereta. Mi sikufungua mdomo pale na hilo linaniuma mpaka leo, ndo maana nalileta hapa. Swali ni hili: kanisa au kikundi chochote cha dini kinachomtuma mtu mbali kiwe na wajibu ulioandikwa wa kumrudisha kwa familia yake kila baada ya muda fulani, nauli juu yao, au ni wito wake na familia ivumilie?

Msimamo wangu nautoa mapema. Kiwe na wajibu, na uandikwe.

Mi ni mtoto wa mwinjilisti. Nimekulia Tukuyu, baba alitumwa upande wa Rukwa, Sumbawanga kwanza alafu wakamsogeza mpaka Mpanda, miaka ya 90 hiyo. Wanaoijua barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga kabla ya lami wanajua nasema nini, masika gari linaweza kulala njiani siku mbili abiria wanalisukuma. Alikuwa anarudi mara moja kwa mwaka na kuna mwaka hakurudi kabisa. Barua zilipitia sanduku la posta la usharika, katibu anatukabidhi Jumapili, mama anaisoma kimya mwenyewe kwanza ndo anatusomea sisi, alafu anaitunza kwenye bati la biskuti.

Kitu kilichonikaa mpaka leo ni kaseti. Mwaka mmoja karibu na Krismasi baba alimpa kondakta wa basi kaseti aliyojirekodi mwenyewe. Tukaenda kuisikiliza kwa jirani maana redio yetu haikuwa na betri. Baba anasalimia mtoto mmoja mmoja kwa jina, nyuma unasikia jogoo na mtu anapasua kuni. Kaka kaambiwa asome kwa bidii, mi nikaambiwa nimsaidie mama kuchota maji, sawa. Ikafika kwa mdogo wetu wa mwisho, baba akalainisha sauti kabisa kama anambembeleza mtoto mchanga, akamwambia "usisogelee moto jikoni eeh, na ukitembea umshike dada mkono".

Mdogo wetu alikuwa darasa la pili. Asubuhi ndo yeye anawasha moto wa chai kabla hatujaenda shule.

Hakuna aliyecheka. Mama alirudisha kaseti nyuma akaisikiliza tena sehemu ile, alafu akatoka nje akakaa kule muda mrefu. Baba alitupenda, hilo sina shaka nalo hata kidogo, barua aliandika kila mwezi, ila watoto aliokuwa anaongea nao ni wale aliowaacha akiondoka.

Najua mtaniambia hizo ni zama za kaseti. Haya, kaka yangu kafuata njia ya baba, na mwezi uliopita nililala kwa wifi siku nne. Kaka yuko vijiji vya mwambao wa ziwa Tanganyika. Mkutano unaanza saa 10 jioni, maombezi yanaisha saa 2 usiku, wenyeji wanataka ale nao, hapo hapo wagonjwa wanaletwa nyumba aliyofikia, na netiweki ipo sehemu moja tu mpaka upande kilimani. Anapopiga ni saa 5 usiku. Wifi kaamka, kawasha tochi, kapita na simu kitandani kwa watoto, anafunua shuka kidogo ili sura ionekane. Picha inaganda, inarudi, inaganda. Kaka akauliza huyu mbona kanyolewa? Wifi akasema alikuwa na mapunye nikampeleka kunyoa. Tangu lini? Wiki mbili. Kimya, unasikia upepo tu upande wa pili, alafu bando likakata. Asubuhi watoto wakauliza baba kapiga? Wakajibiwa kapiga mlikuwa mmelala, na kwa siku zote nne nilizokaa pale jibu lilikuwa hilo hilo.

Kwaio simu ipo, bando lipo, hela ya matumizi inatumwa kwa simu na ya kutolea juu, nashukuru kwa yote hayo maana mama yangu hakuyapata. Ila simu inampa mhubiri sura za watoto waliolala.

Na sio wahubiri wa kwetu tu. David Livingstone, yule mmisionari ambaye Ujiji hata mtoto wa shule atakuonyesha mahali alipokutana na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, Aprili 1852 alimpandisha mkewe Mary na watoto wanne meli pale Cape Town warudi Uingereza, yeye akashika njia ya bara. Walionana tena Desemba 1856. Baadaye Mary akamfuata huku Afrika, akafa kwa homa Shupanga kando ya mto Zambezi, Aprili 1862. Mtoto wao mkubwa Robert akaishia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, akafia kifungoni 1864. Stanley alipomkuta mzee Livingstone Ujiji 1871 alimpelekea mfuko wa barua uliokuwa umekwama Unyanyembe, kule Tabora. Akasoma moja mbili za watoto wake, Stanley akamwambia zimalize zote kwanza, mzee akajibu kwamba kangoja barua miaka, masaa machache hayawezi kumshinda. Huyu huyu aliandika kwamba anajuta hakutenga muda wa kucheza na wanawe, kazi ilimmaliza, jioni hana hata nguvu ya kufurahi nao. Nikisoma hapo namwona kaka yangu kule kilimani.

NIMERUDI. Nimesoma mliyoandika tangu jana, asanteni hata mlionipinga, nawajibu kwa pamoja.

Waliosema "wito una gharama" wameleta Luka 14 na Mathayo 19, kuacha nyumba na ndugu kwa ajili ya jina lake. Maneno hayo nayaamini. Lakini Biblia hiyo hiyo, Timotheo wa kwanza sura ya 5 mstari wa 8, inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Na Paulo ambaye hakuwa na mke, kwenye Wakorintho wa kwanza sura ya 9 anatetea haki ya mitume kusafiri na wake zao, anamtaja Kefa, yani Petro. Haki hiyo anaidai kwa kanisa, sio kwa mke. Ndugu mmoja kanitajia John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, kwamba alizunguka Uingereza nzima juu ya farasi na hakuomba likizo. Ni kweli, na mwaka ule ule aliooa, 1751, aliandika kwamba haelewi mhubiri atamjibu nini Mungu akipunguza hubiri moja au siku moja ya safari kwasababu ameoa. Ila usiishie hapo. Mkewe aliondoka, na alipofariki 1781 Wesley alipata habari akiwa ameshazikwa. Ndugu yangu, huo mfano sitaki mtu amfundishe kaka yangu.

Ndugu Waislamu wamenifundisha kitu na nawashukuru sana. Wameeleza kwamba wanaotoka tabligh, yani safari za kuhubiri dini, wana muda unaojulikana, siku 3, siku 40, miezi 4, na mtu anaulizwa kabla hajatoka kama nyumbani ameacha matumizi. Mzee mmoja akaongeza habari ya Khalifa Umar, kwamba usiku alimsikia mwanamke anamlilia mumewe aliyeko jihadi, akaenda kumuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mume, kisha akaweka kikomo askari wasikae zaidi ya hapo, wengine husimulia miezi 4 wengine 6. Mkubwa wa nchi nzima kasikia mtu mmoja analia akaweka sheria! Sisi mama kanyoosha mkono mchana kweupe kwenye kikao akaambiwa kuna simu.

Mliosema hata dereva wa lori na mwanajeshi wanakaa mbali, sawa, lakini wenye ajira wana pa kusimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na baba aliyepata mtoto siku zisizopungua 3. Tatizo mwinjilisti wetu mara nyingi hana mkataba, anaitwa mtumishi wa kujitolea, akidai likizo anaonekana kapoa kiroho. Baba hakuomba hata pale mdogo wetu alipozaliwa, alimwona ana miezi saba.

Kuhusu "mke asafiri naye", jamani, shamba anamwachia nani, watoto watahamishwa shule mara ngapi kwa mwaka? Hili halitekelezeki kwa wengi.

Hoja iliyonibana kweli ni ya yule aliyesema sharika ndogo za kijijini hazina hela hata ya kumlipa mhubiri posho. Hapo kasema ukweli na sitaki kujifanya nina jibu la kila mahali. Ila naona kama hela haitoshi safari ndo ipungue, vituo sita viwe vitatu, nyumbani akae wiki mbili, ndo aende vile vingine. Injili ya vile vitatu haitaoza. Na anapokuwa kule kamati imwachie jioni mbili kwa wiki asihubiri, ahubiri mwingine, yeye saa 12 jioni awe ameshapanda kilimani watoto wakiwa macho, wamwambie wenyewe nani kanyolewa na nani kang'oka jino. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Wifi nilimsomea yale ya mwanzo kwa simu kabla sijayaweka hapa, sikutaka nimseme nyuma ya mgongo. Kakaa kimya kidogo akasema "andika tu dada, ila usiweke jina lake, atasema nimemchoka". Hajamchoka. Kila Ijumaa anaanika mashati ya mume wake juani ili yasipate kombamwiko, mashati ambayo hayajavaliwa toka Pasaka.

Sasa naomba mlioko kwenye kamati za maandalizi, na najua humu mpo, mnijibu hili. Kwenye ile karatasi yenu ya bajeti, ukitoa jenereta, spika, mapambo ya jukwaa na chakula cha wageni, nauli ya mhubiri ya kurudi kwao katikati ya ratiba ipo mstari wa ngapi?