Naomba ushauri: kutoka salsa kuingia sebene

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri jamani. Bendi yetu tunataka wimbo uanze kisalsa halafu uingie sebene (ile sehemu ya kucheza ya muziki wa Kikongo, magita yanapozunguka), sasa shida ipo hapo kwenye kuingia, mpiga konga anashikilia klave ya 3-2 (mdundo unaoongoza salsa, mapigo matatu kisha mawili), gita la solo likianza kuzunguka spidi inapanda, besi inabaki katikati haijui imfuate nani. Bendi ya Africando waliweza toka 1993, waimbaji wa Senegali na wapigaji wa salsa wa New York, unasikia Kiwolofu juu ya piano na tarumbeta na kila kitu kimekaa mahali pake, naupenda mno muziki ule. Je klave tuiache sebene ikianza au mpiga dramu aibebe kwenye snea (ile ngoma kali ya dramu)? Na piano ikipiga montuno (ule mzunguko wa salsa unaojirudia), gita la ridhimu linyamaze?